Anayekaa Mkia

Karatasi zilikuwa tano, na zote zilisema kitu kimoja kama watoto wa nasari wakiimba shairi. Sajini Rispa Kweyu alizipanga mezani, akazisoma mara ya tatu. "Marehemu alikuwa amevaa riflekta, kizibao cha kijani cha kung'aa. Lori lilimgonga kutoka nyuma. Dereva akatoroka." Zote tano. Hata nukta zilikaa mahali pale pale.

"Zimefanana kwa sababu ni ukweli," Koplo Phares alisema. Alikuwa anakula mandazi juu ya faili za watu, mafuta yanadondoka.

"Watu watano wakiona ng'ombe, mmoja atakwambia ni mweusi, mwingine atakwambia ana pembe. Hawa wote wameona kwato moja, ya nyuma, kushoto."

"Sasa unataka nini, Rispa? Mtu amekufa, dereva tuko naye. Kesho saa tatu anasimama kortini. Bosi ameshasema."

Bosi alikuwa amesema kweli. Saa kumi na moja na robo alfajiri hiyo, kibarua mmoja anaitwa Mureithi aligongwa na lori la mchanga Outer Ring Road, pale Umoja, akiwa kwa baiskeli anaenda Industrial Area. Alikufa papo hapo. Kufikia saa moja watu walikuwa wamechoma matairi na kufunga barabara. Kufikia saa mbili mkubwa wa stesheni alikuwa amepigiwa simu na wakubwa wake, akamwita Rispa, akamwambia maneno machache: dereva ashtakiwe kesho, barabara ifunguke leo. Kosa la kuua mtu kwa kuendesha vibaya linaweza kumtupa mtu ndani miaka kumi.

Rispa alichukua ufunguo, akaenda seli.

Dereva alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Mdomo ulikuwa umepasuka. Jiwe. Jina lake Nuradin, na hakusimama alipomwona.

"Ulimwona ukiwa mbali kiasi gani?"

"Nimewaambia mara ngapi? Sikumwona. Nilimsikia."

"Ulikuwa kwa simu?"

"Simu ilikuwa imekufa chaji tangu usiku. Si mmeichukua? Angalieni."

"Mbona ukatoroka?"

Nuradin alicheka bila kufurahia, mdomo ukaanza kutoa damu tena. "Nilisimama, nikashuka. Jiwe ya kwanza ikanipata hapa, nyingine ikapasua kioo. Nikarudi ndani nikaendesha mpaka hapa kwenu. Hapa! Kuna mtu anatorokea polisi? Angalia kitabu chenu."

Kitabu Rispa alikuwa ameshakiangalia. Dereva aliripoti mwenyewe, saa kumi na moja na dakika ishirini na tisa. Lakini hiyo haikuwa kwa karatasi hata moja ya zile tano.

"Watu watano wanasema alikuwa na riflekta. Mtu wa riflekta anaonekana na lori ikiwa bado iko mbali, kule Kariobangi."

"Kama alikuwa nayo, basi mimi ni kipofu. Nifungeni." Akageuza uso kwa ukuta.

Alfajiri, kabla watu hawajajaa, Rispa alikuwa ameshika tepu akapima. Pedali ya baiskeli ilikuwa imeanguka pale alipogongwa. Alama za breki za lori zilianza hatua sita mbele ya hiyo pedali. Mbele, si nyuma. Mtu akiona kitu anafunga breki kabla. Huyu alifunga baada. Ama alikuwa amelala, ama kweli hakukuwa na kitu cha kuona.

Mjane alikuwa kwa kaunta ya ripoti. Anaitwa Teresiah, lakini mtaa mzima wa Lucky Summer unamwita Mama Shiku. Alikuwa amefunga leso kiunoni kama mtu anayeenda kupigana, na nyuma yake alikuwa amesimama mwanaume mrefu wa koti la jinzi, Thuo, kiongozi wa wale watano waliokuwa kwa baiskeli pamoja na Mureithi. Taarifa ya kwanza kati ya zile tano ilikuwa yake.

"Pole sana, Mama Shiku."

"Pole yako weka mfukoni. Huyo muuaji anaenda korti lini?"

"Kuna swali moja tu. Baba Shiku alitoka nyumbani amevaa nini?"

"Si wameandika?"

"Nataka kusikia kwako."

"Koti nyeusi, na riflekta juu. Nilimfulia jana kwa mkono yangu. Zipu ilikuwa imeharibika, nikaishonea vifungo tatu za shati ya Shiku, ya shule. Nyeupe. Nikamwambia asiifungue mpaka afike kazi." Akakaza leso kiunoni. "Sasa unaniuliza nguo za nini? Ati alijigonga?"

"Hiyo riflekta haikupatikana naye."

"Wewe ndiye karao! Unaniuliza mimi?"

"Waliiiba," Thuo akaingilia. "Mtu akianguka hii Nairobi, viatu zinatoka kabla roho. Andika hivyo, madam, tuende tukazike."

Rispa alimwangalia. Mtu aliyefiwa na rafiki asubuhi hawi na jibu tayari hivyo. Akaliandika hilo jibu kama lilivyo.

*

Mochari walimpa nguo za marehemu kwa mfuko wa plastiki, akatia sahihi. Alilitandaza lile koti jeusi kwa bonneti ya gari, jua likiwa juu yake.

Bampa la lori la Nuradin lilikuwa limepakwa rangi ya samawati wiki hiyo hiyo, kazi ya haraka, rangi mbichi. Na mgongoni mwa lile koti, kutoka bega mpaka bega, kulikuwa na mstari wa samawati. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya kitambaa kama mtu ameisugua na brashi.

"Si nilikwambia ni yeye?" Phares alisema. "Rangi yake hiyo."

"Kwamba ni yeye hata yeye hakatai. Angalia rangi imekaa juu ya nini."

"Juu ya koti."

"Na riflekta huvaliwa wapi?"

Phares aliacha kutafuna.

"Mtu akigongwa na riflekta juu ya koti, rangi inakaa kwa riflekta," Rispa alisema. "Mwizi akiivua, anaenda na rangi. Ama mwizi wako alivua riflekta, akachota rangi kwa bampa, akampaka marehemu mgongo ndio atusaidie kazi?"

"Kwa hivyo bibi yake ni mwongo."

"Hapana. Yule alisema kuhusu vifungo. Mwongo hakumbuki vifungo. Mureithi alitoka nyumbani na riflekta, na alipogongwa hakuwa nayo. Katikati ya hapo kuna barabara, na wale watano walikuwa kwa hiyo barabara."

*

Lakini kabla ya kuifuata riflekta, baiskeli ya marehemu, iliyokuwa imewekwa stesheni, ilimpotosha. Alipoishika breki ya nyuma ikabaki mkononi. Mpira wa breki ulikuwa umekatwa na kisu, mbichi mbichi, wala si wa dukani. Rispa akajiambia: aha. Mtu asiye na breki anayumba, anaingia mbele ya lori. Akaulizia fundi, akaonyeshwa kibanda cha Walter, barabara ya kwenda Baba Dogo.

Walter alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu. Wateja wanne walikuwa wameketi juu ya tairi kuukuu wakingoja.

"Karao anakuja na breki kwa mkono," Walter alisema bila kuinua kichwa. "Leo nimekwisha."

"Hii ni kazi yako?"

"Yangu. Soli ya gambuti. Za dukani ni za watu wako na kazi ya mwezi."

"Mtu amekufa na hii breki yako."

"Mureithi? Amekufa na breki yangu?" Sasa aliinuka. Alikuwa mfupi, mikono myeusi mpaka kiwiko. "Ebu niambie, madam. Lori ilimgonga mbele ama nyuma?"

"Nyuma."

"Sasa breki ingemsaidia nini? Afunge ndio agongwe haraka?"

Wale wanne wakaangua kicheko. Mmoja alijipiga kofi gotini. "Ati detective," akasema, na wengine wakaendelea upya. Rispa alihisi masikio yakiwa moto. Walter alikuwa amesema ukweli, mtoto angeuona, na yeye alikuwa amevuka Nairobi nzima na kipande cha gambuti.

"Nikwambie kitu," Walter aliendelea, kwa maana watu walikuwa wanamsikiza. "Mwaka juzi nilikuwa natengeneza baiskeli kumi kwa wiki. Saa hii natengeneza kumi kabla ya chai. Viwanda zimepunguza siku za kazi, nauli nayo haijapunguzwa na mtu. Mzee wa miaka hamsini anakuja hapa, mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa darasa la nne, ananiambia nimwekee breki moja tu, ingine Mungu atasaidia. Hana taa, hana kengele. Na anaenda kushindana na malori gizani. Unajua nimezika wateja wangapi tangu Januari? Hakuna karao alikuja. Leo kwa sababu watu wamechoma tairi, ndio mmekumbuka sisi tuko na damu."

"Ongea pole pole, nataka kuandika."

"Andika! Hao wote saba wa Mureithi nawajua, nimewatengenezea mimi, na hakuna mmoja—"

"Saba?"

Walter aliinamia gurudumu tena.

"Kwa karatasi zangu wako sita," Rispa alisema. "Mureithi na wale watano. Wa saba nani?"

"Labda nimehesabu vibaya."

"Hesabu vizuri."

"Madam, mimi ni fundi."

Rispa alizunguka kibanda taratibu, akigusa baiskeli moja moja na kalamu. "Hii ya nani? Na hii? Risiti ziko? Kumi na mbili hapa, zote nikizibeba kwenda stesheni mpaka wenyewe wajitokeze, itachukua muda gani?"

Wateja waliacha kucheka. Mmoja akasimama, akashika baiskeli yake kwa kiti. "Mwambie, Walter. Wewe ndio umeanza mdomo."

Walter alisonya kwa nguvu, mate yakatoka. Kisha akasema.

Walikuwa saba wa kiwanda cha ndoo, karibu na Mukuru kwa Reuben. Waliendesha kwa mstari mmoja kutoka Lucky Summer, kila asubuhi. Wa mbele alishika tochi, akiona shimo anapiga kelele, na kila mmoja anapitisha kelele kwa wa nyuma. Wa nyuma kabisa walimwita mkia. Mkia ndiye anakula hatari yote, kwa sababu magari yanatoka nyuma. Riflekta ilikuwa moja kwa watu saba, na mkia ndiye aliivaa. Wiki hii mkia alikuwa Mureithi.

"Na watu wanagombania kukaa mkia," Walter alisema. "Hiyo ndio hautaelewa."

"Mtu anagombania aje kugongwa?"

"Enda kwa geti ya kiwanda. Uliza hiyo riflekta inafungua nini."

"Na wa saba?"

"Wahome. Na mimi sijakwambia."

*

Kwa geti la kiwanda kulikuwa na mwanamke kwa kibanda cha mabati, kitabu mbele yake, anatafuna chingamu ya bazoka. Jina lake Jacky. Ndiye aliyehesabu vibarua asubuhi na jioni, na alimwangalia Rispa kama mtu aliyeleta bili.

"Waandishi ama polisi?"

"Polisi."

"Meneja hayuko."

"Simtaki meneja. Nataka kujua unaingizaje watu asubuhi."

"Kwani wewe unatafuta kibarua?" Jacky alicheka peke yake, akaona hakuna wa kumsaidia. "Saa kumi na mbili nafungua. Hapo nje kunakuwa na watu mia tatu. Nachukua sitini, siku zingine arobaini. Kama oda ya ndoo ni mbaya, ishirini. Walio na riflekta ya kiwanda wanaingia kwanza. Wengine ni bahati."

"Kwa nini riflekta?"

"Zamani kila mtu alipewa yake. Wakati kazi ilipungua tukawaambia warudishe, wengine hawakurudisha. Sasa mtu akija nayo najua ni wa zamani, mashine haitamkata mkono. Siulizi jina. Naandika namba ya riflekta, jina anajaza mwenyewe akiingia."

"Na wao wanajua hivyo."

"Wanajua aje? Wanapigana juu yake! Juzi mmoja aling'olewa jino hapo."

Sasa Rispa alielewa. Hiyo riflekta watu hawakuivaa ili waonekane na lori. Waliivaa ili waonekane na Jacky. Wale saba walikuwa wamepatana vizuri: anayebeba hatari ya nyuma, huyo ndiye anaingia kazini bila wasiwasi. Mkia wiki moja, kazi wiki moja.

"Nionyeshe kitabu cha leo."

Jacky alikisukuma na kidole. Wa kwanza kabisa kufika: riflekta namba mia moja kumi na saba, saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Jina: Wahome. Mureithi alikuwa amelala barabarani Umoja dakika ishirini na tatu kabla ya hapo.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano, namba hiyo hiyo ilikuwa na jina la Mureithi.

Saa kumi na moja jioni king'ora kililia na watu wakaanza kutoka, nywele zimejaa vumbi la plastiki. Rispa alisimama kando ya geti akiangalia vifua. Zipu. Zipu. Zipu. Kisha akapita kijana mwembamba anavuta baiskeli, na riflekta yake ilikuwa imefungwa na vifungo vitatu vyeupe vya shati.

"Wahome."

"Nani anauliza?"

"Hivyo vifungo alishona nani?"

Mkono wa Wahome ulienda kifuani wenyewe. Aliangalia barabara, akaangalia baiskeli, akaona Phares amesimama upande ule mwingine.

"Sijaiba."

"Sijasema umeiba."

"Alinipa. Mwenyewe, na mkono yake."

"Wapi?"

"Siongei."

"Ulijua saa ngapi kwamba amekufa?"

"Saa nne. Thuo alinipigia simu."

"Saa nne asubuhi? Na umetoka saa kumi na moja jioni?"

"Ungetaka nifanye nini?" Wahome alipaza sauti, vibarua wakaanza kusimama. "Nitoke? Nikitoka katikati ya shifti huyu mama ataniingiza kesho? Nilikuwa nimekaa hapa nje siku nane bila kazi! Nane! Wewe ukienda kwa matanga mshahara wako unakatwa?"

Rispa alipunguza sauti yake kadiri Wahome alivyopandisha yake. "Kuna dereva kwa seli. Kesho saa tatu anashtakiwa kwamba alimgonga mtu wa riflekta. Nataka uandike mahali riflekta ilikuwa. Mistari minne tu."

Wahome alimsogelea. Akanong'ona, na jasho lake lilinuka plastiki iliyoungua. "Nitaandika. Lakini kesho jioni. Niache nayo niingie kesho, oda ni ndogo, wanachukua watu ishirini. Nikitoka nitakuja stesheni nikuandikie kitabu mzima."

"Kesho jioni mtu atakuwa rumande."

"Si mimi nilimgonga mtu. Hiyo ndio bei. Ukiichukua sasa, mimi sijui kitu, sijaona kitu, na hizo karatasi za akina Thuo zitasimama."

Rispa alijua Wahome hakuwa anatisha bure. Riflekta bila maneno ilikuwa nguo tu. Wakili yeyote angesema ilitoka kwa mwizi, Wahome akainunua. Alikuwa bado anapima, wakati Jacky alitoka kwa kibanda akipasua bazoka yake.

"Ngoja. Hii ni ya yule maiti wa asubuhi?" Alishika riflekta kwa kola. "Vua. Kesho polisi wawe kwa ofisi ya meneja juu ya namba yangu? Vua, ni mali ya kiwanda!"

"Jacky, tafadhali—"

"Na kesho nisikuone hapa. Wewe na hao wenzako wa baiskeli, wote saba."

"Sita," mtu akasema kutoka kwa umati.

Kifungo kimoja kilikatika kikaruka. Riflekta ilibaki mkononi mwa Jacky, Rispa akaitwaa kwake kabla haijaingia kibandani. "Hii ni ushahidi. Meneja wako aje aichukue kwangu." Wahome alibaki na fulana, amesimama kama mtu aliyenyang'anywa nyumba mchana.

Halafu akalipuka. "Basi tuzame wote! Andika! Tulisimama Umoja, chini ya daraja ya watu, tupumzike. Nikawaomba. Nikawaambia nyumbani kumelala njaa. Mureithi akasema hii ni zamu yake, bibi amemwambia asivue. Thuo ndiye alisema, 'Wewe umeingia siku tatu, mpe.' Wakapiga kura. Watano wakainua mkono. Mureithi akavua. Akauliza, 'Sasa mkia anakaa nani?' Thuo akamwambia, 'Si bado ni zamu yako.'" Wahome alifuta mdomo. "Nikaivaa nikatangulia mbio. Sikuona kitu kingine. Thuo akapiga simu, akasema, 'Tutasema alikuwa nayo, na wewe hukuwa nasi.' Akawaandikia wote. Ati bima ikisikia hakuwa na riflekta, Mama Shiku hatapata hata sufuria."

Phares alishika tochi ya simu wakati Rispa anaandika, kwa sababu kivuli cha ukuta wa kiwanda kilikuwa kimefunika karatasi. Wahome alitia sahihi juu ya kiti cha baiskeli yake, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Umefurahi?" akauliza.

*

Mkubwa wa stesheni alisoma taarifa, akaangalia picha ya koti jeusi, akaangalia vipimo vya alama za breki. Alimtukana Rispa kidogo kwa kuchelewa, kisha akasema mashtaka yasimame, dereva atoke, ila lori libaki likaguliwe.

Teresiah alikuwa bado kwa kaunta, tangu asubuhi. Nje ya ukuta watu walikuwa wameongezeka. Rispa angeweza kumtuma Phares. Hakumtuma. Alimweleza yote, pole pole, huku Thuo amesimama pale pale akisikiza.

Teresiah aligeuka. "Thuo. Uliinua mkono?"

"Mama Shiku, nilikuwa nakupigania wewe."

"Kule kwa daraja. Uliinua mkono?"

Thuo aliangalia sakafu.

Rispa alingoja kofi liende kwa Thuo. Lakini lilikuja kwake mwenyewe, shavu la kushoto, mpaka kofia ikaanguka. Phares aliruka, Rispa akamzuia na mkono.

"Ungengoja," Teresiah alisema. Hakuwa analia. "Kesho ingepita, ungejua baadaye, kuna mtu angekuuliza? Sasa wataandika ni yeye alijiua. Nitamwambia Shiku nini, ati baba yako alivua nguo kwa barabara?"

"Mama Shiku, yule dereva—"

"Simjui yule dereva! Mimi najua wangu!"

Akatoka, na Thuo akamfuata kwa umbali. Rispa aliwasikia watu wakiuliza huko nje, kisha akasikia jibu la mtu, sijui nani, likipanda juu ya ukuta: "Wamehongwa! Wanamwachilia!" Jiwe la kwanza likatua kwa mabati. La pili likapata lori.

Alifungua seli.

"Nuradin. Hakuwa na riflekta. Tumepata taarifa. Hushtakiwi."

Dereva hakusema asante.

"Mchana nilikuwa nimeanza kuiona," alisema.

"Kuona nini?"

"Hiyo riflekta. Mmeniambia sana. Nikifunga macho naiona, ya kijani, iko mbele ya taa yangu kabisa. Nikajua niliiona nikaenda tu. Kidogo nikuite nikubali."

"Haikuwako."

"Lakini mimi naiona."

Mawe mengine matatu yalitua kwa paa, karibu karibu. Rispa alisukuma mlango ukafunguka kabisa mpaka ukutani. "Uko huru. Unaweza kwenda."

Nuradin alisimama. Alikuja mpaka mlangoni, akatoa kichwa, akasikiza nje. Kisha akashika chuma kwa mikono miwili, akauvuta ule mlango mwenyewe mpaka ukalia.

"Funga, afande," akasema kutoka ndani. "Na kufuli."

Rispa alienda kwanza kwa kaunta, akaandika kitabuni kwamba mshukiwa ameachiliwa, saa moja kasoro dakika kumi jioni. Akatia sahihi. Kisha akarudi na ufunguo, akamfungia.